"Tayari" ni Tayari kwa Nani?

Ndugu zangu washairi na wapenzi wa Kiswahili, leo naomba ruhusa niliweke mezani neno moja ambalo kila mmoja wetu hulitamka mara nyingi kwa siku: tayari. Nimelitumia maisha yangu yote, nimelisahihisha katika madaftari ya wanafunzi kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kulishuku mpaka lilipotugharimu majuma mawili ya kazi na imani ya mzee mmoja.

Kisa chenyewe ni hiki. Mpwa wangu na wenzake wawili wanatengeneza programu ya simu ya kumsaidia mshairi kukagua vina na mizani. Yeye yuko Dar es Salaam, kijana mwenzake yuko Mwanza, na binti anayezijaribu kazi zao yuko Morogoro. Mimi waliniomba niwe mshauri wao wa lugha. Kwa kuwa hawakai chumba kimoja, kazi zao huziweka katika programu ya kusimamia miradi. Humo mna mfano wa ubao uliogawanywa kwa safu za wima. Kila kazi ina kadi yake, na kadi huhamishwa kutoka safu ya kushoto kwenda ya kulia kadiri kazi inavyosonga mbele. Utaratibu huo huitwa kanban, neno la Kijapani lenye maana ya kibao cha alama. Ulikomaa katika viwanda vya magari vya Toyota, kwa juhudi za Taiichi Ohno, kabla ya kuchukuliwa na watengenezaji wa programu za kompyuta.

Ubao wa vijana wangu ulikuwa wa Kiingereza. Mimi, kwa ari ya mwalimu wa Kiswahili, niliomba safu zipewe majina ya lugha yetu. Wakakubali, wakaniachia kazi hiyo. Safu ya kazi zilizokwisha kuandaliwa lakini hazijaanza kutengenezwa nikaiita "Tayari". Safu ya mwisho nikaiita "Imekamilika". Nikajiona nimeitendea lugha hisani.

Kadi iliyotuponza ilihusu kuhesabu mizani. Niliandika maelezo yake kwa makini: "mtu" ni mizani mbili, kwa kuwa m yake husimama peke yake kama silabi, "nchi" ni mbili vilevile, "mbuzi" ni mbili, si tatu, kwa kuwa mb hapo huungana na irabu inayoifuata. Lakini maneno kama "labda" na "daktari" niliyaacha na alama ya kuuliza. Je, tuhesabu lab-da, kwa silabi funge, iwe mizani mbili, au la-b-da, iwe tatu? Nyinyi mnajua kwamba hapo ndipo penye ugomvi. Niliwaza kwamba nitalirudia swali hilo baadaye. Nikaisogeza kadi kwenye safu ya "Tayari", moyoni nikimaanisha kwamba mimi tayari nimeshaitazama.

Kijana wa Mwanza aliposoma "Tayari", alielewa kwamba maelezo yametimia na kazi inaweza kuanzwa. Akaanza, bila hata kuihamisha kadi. Alipolikuta swali la "labda" halina jibu, akajiamulia mwenyewe: lab-da, dak-ta-ri. Akajenga hesabu yote juu ya msingi huo. Binti wa Morogoro naye, aliposoma neno lile lile, alielewa kwamba kazi imekwisha. Akaichukua programu ilivyokuwa, akawapelekea malenga watatu waijaribu. Mmoja wao, mzee aliyezoea tangu ujana wake kuitenga b ile na kuipa mizani yake, akaambiwa na simu kwamba mishororo yake ina upungufu. Mzee akaizima simu, wala hakuiwasha tena kwa ajili yetu.

Tulipozungumza kutafuta kosa liko wapi, kila mmoja alikuwa na sarufi upande wake. Tunasema "niko tayari kwenda", na safari haijaanza. Tunasema "tayari nimekula", na sahani imekwisha kuoshwa. Tunasema "chakula kiko tayari", na hapo ndipo siri ya neno hili inapojifichua: mpishi amemaliza, mlaji hajaanza. Fundi akisema gari liko tayari, kazi yake imekwisha na ya dereva ndiyo kwanza inaanza. Naona, basi, kwamba "tayari" ni neno la makabidhiano. Hulitaji jambo pale linapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, nao kila mkono hulisoma kwa upande wake. Mezani hatupotei, kwa sababu tunamwona mpishi na tunamwona mlaji. Kwenye ubao wa programu, ambako watu watatu wako miji mitatu, hakuna anayemwona mwenzake.

Ndiyo maana hoja yangu ya kwanza ni ya lugha. Neno "tayari" lisiachwe uchi juu ya safu. Livikwe kitenzi cha kulifafanua: "Tayari kuanzwa". Na safu nyingine tuzipe kile ambacho Kiswahili kinacho kwa wingi, yaani kitenzi chenye hali yake ndani yake. Ubao wetu sasa unasomeka hivi: Inaandaliwa, Tayari kuanzwa, Inatengenezwa, Inakaguliwa, Imekamilika. Tazameni jinsi -na- na -me- zinavyofanya kazi ambayo lugha nyingine huhitaji maelezo ya pembeni. Kazi iliyo njiani na kazi iliyofika hazichanganyiki. "Imekwisha" niliikataa, maana hata sukari ikimalizika dukani husemwa imekwisha.

Lakini jina zuri peke yake halitoshi, na hapa nakumbuka chuo cha ualimu. Tulifundishwa kwamba mwalimu haingii darasani bila azimio la kazi na andalio la somo. Andalio lilitaka mada, lengo, zana, hatua za kufundisha, na namna ya kupima kama wanafunzi wameelewa. Lilikuwa, kwa hakika, njia ya kuufuatilia utayari wa kazi kabla kazi yenyewe haijaanza. Kwa hiyo kwenye kila kadi tumeweka maswali matatu. Mtu mwingine akiisoma, ataelewa kinachotakiwa bila kumpigia simu aliyeiandika? Tumekubaliana mfano utakaotuonyesha kwamba kazi imefanywa sawasawa? Kuna swali lililoachwa wazi? Swali likiwapo, kadi hubaki "Inaandaliwa", na jina la mwenye deni la jibu huandikwa kando yake.

Najua wapo watakaopinga, tena wana hoja. Mwongozo wa Scrum, ambao Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliutoa upya mwaka 2020, unataka timu iwe na ufafanuzi wa kazi iliyokamilika, lakini hauilazimishi kuwa na orodha ya masharti ya utayari. Kwao, kazi huhesabiwa tayari kuchaguliwa ikiwa timu inaweza kuimaliza ndani ya awamu moja, na awamu haizidi mwezi mmoja. Wapo mafundi wanaohofia kwamba masharti yakizidi, safu ya utayari hugeuka ukuta: kazi hurundikana nyuma yake, na watu hujificha nyuma ya neno "bado". Hofu hiyo naielewa. Nimewahi kuona andalio la somo lililonakiliwa neno kwa neno kutoka daftari la mwaka uliopita, mradi tu lipate saini ya mkuu wa idara. Karatasi ilikuwa tayari, somo halikuwa.

Hata hivyo, kuyaacha masharti kabisa si dawa. Katika programu ya Jira, ubao wa kanban umezoeleka kuwa na safu yenye jina la maana ya "imechaguliwa ili itengenezwe". Kuchaguliwa si kuwa tayari. Mtoto aliyechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza anaweza kuwa bado hana sare wala daftari, na furaha ya jina lake kuonekana kwenye orodha haimvishi viatu.

Naona njia ya katikati imo ndani ya mila zetu wenyewe. Msimulizi wa ngano haanzi tu kusimulia. Husema "Paukwa!", akangoja mpaka hadhira iitikie "Pakawa!". Sauti ikiwa hafifu, huita tena. Katika utaratibu huo, mwenye kuthibitisha utayari ni yule anayepokea. Hapo ndipo mimi nilipokosea. Niliisogeza kadi peke yangu, nikaita na kujiitikia mwenyewe. Kosa hilo halikuwa la vijana, na nimewaambia hivyo.

Hivyo hoja yangu ya pili, ambayo naiona nzito kuliko ya jina, ni hii: anayekabidhi kazi asiwe ndiye anayeitangaza kuwa tayari kuanzwa. Aitangaze yule atakayeitengeneza, baada ya kuisoma na kuyajibu yale maswali matatu kwa kinywa chake. Maswali yawe machache, yasizidi yanayoweza kukumbukwa bila kutazama karatasi. Tangu tulipoanza hivyo, kijana wa Mwanza amenirudishia kadi nne. Mara ya kwanza nilikunja uso kama mwalimu aliyesahihishwa na mwanafunzi. Mara ya nne nilishukuru, maana nilikuwa nimesahau kueleza kina cha kati ni kipi.

Wenzangu mlio katika kamati za kuandaa diwani, kutafsiri vitabu au kutunga kamusi, na mnaotumia au mtakaotumia mbao za namna hii, nawasihi mlitazame neno hili kabla halijawagharimu. Tafsiri ya neno moja juu ya safu inaweza kumtuma mtu kufanya kazi ambayo haijawa kazi.

Mzee wetu nimemwomba radhi, naye amenisamehe, ingawa simu bado hajaiwasha. Kadi ya mizani imerudi kwenye safu ya "Inaandaliwa", na jina lililoandikwa kando yake ni langu. Lab-da au la-b-da? Wenye hoja na wailete, ili safari hii kadi isogee ikiwa na jibu.