Mtoto Mwenye Usonji Naye Aende Shule



Kila Januari shule zinapofunguliwa, kliniki yetu ya watoto hupokea akina mama wenye shida moja: mtoto amefikisha umri wa darasa la kwanza, lakini ameambiwa hafundishiki, arudishwe nyumbani. Baadhi ya watoto hao wana usonji.

Usonji si pepo wala laana ya ukoo, na hauletwi na chanjo wala malezi mabaya. Ni ubongo kukua kwa namna tofauti. Mtoto huweza kuchelewa kusema, kurudia maneno aliyoyasikia, kutoitika akiitwa, au kufadhaika sana mazoea yake yakivunjwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na hali hiyo. Si jambo la nyumba moja tu.

Sisi wauguzi tunasema wazi: mahali pa mtoto huyu ni shuleni, pamoja na watoto wa jirani zake. Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki hiyo.

Walimu hutujibu kwamba darasa lina watoto themanini. Ni kweli, mzigo ni mzito. Lakini mengi anayohitaji hayadai fedha. Akae mbele, mbali na mlango. Apewe maagizo mafupi, moja moja. Achorewe ratiba ya siku kwa picha: kusoma, uji, michezo, nyumbani. Aambiwe mapema kengele inapokaribia kulia, maana kelele za ghafla humtesa. Asichapwe kwa kuziba masikio. Wakati wa mapumziko, ambapo hutaniwa zaidi, apewe mwenzake mpole wa kuwa naye.

Wapo watakaohitaji mwalimu wa elimu maalumu na chumba chao. Hao nao wanywe uji na wenzao na kucheza uwanja mmoja.

Wazazi, msimfiche. Mtoto wa mwaka mmoja asiyeitika jina lake aletwe kliniki, apimwe kwanza usikivu. Nanyi wenye watoto wengine, msiwakataze kukaa naye, usonji hauambukizi.

Uandikishaji ukianza, baba na mama mwende pamoja kwa mwalimu mkuu, mkiwa na barua ya kliniki. Mkikataliwa, nendeni kwa afisa elimu kata.