Goma: Vitabu vya hesabu vinahitaji makao ya pili

GOMA – Mfanyabiashara anapokimbia hubeba watoto, pesa na simu. Vitabu vya hesabu hubaki. Tangu 2002, wakaaji wa Goma wamelijua hilo zaidi ya mara moja.

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikafunika maduka na ofisi. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku tano baadaye wakaaji wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuondoka. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, depo ziliporwa na benki zikafunga milango.

Hasara ya mali huonekana siku ileile. Ya karatasi huja baadaye: mdeni anapokana deni, au mkaguzi wa kodi anapodai risiti ya zamani.

Sheria nayo haisamehi kirahisi. Kongo ni mwanachama wa OHADA tangu 2012, na kanuni zake za uhasibu zinataka vitabu na hati zake zitunzwe miaka 10. Deni la kibiashara, kwa kawaida, hudaiwa mahakamani ndani ya miaka 5. Kwa hiyo faktire ya 2021 iliyopotea Januari 2025 ilikuwa bado na kazi.

Kompyuta peke yake si dawa. Flashi iliyo katika droo moja na daftari huungua au huibwa pamoja nalo. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walipoteza data moja kwa moja, kwa kuwa nakala ya akiba ilikuwa palepale.

Wataalamu hushauri nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Kwa Goma, mbali si Gisenyi: matetemeko ya Mei 2021 yalipasua nyumba huko pia, na mpaka unaweza kufungwa. Mbali ni Kinshasa, au seva ya nje ya nchi, faili zikiwa zimefungwa kwa neno la siri linalojulikana na watu wawili wanaoaminiana.

Umeme hukatika na intaneti ni ghali, lakini si lazima kupeleka kila kitu. Mikataba, risiti za kodi, orodha ya wadeni na hesabu za mwisho wa mwezi zinatosha kuanzia. Kila mwaka faili zifunguliwe kuona kama bado zinasomeka. Sheria ya dijitali ya Machi 2023 inatambua maandishi ya kielektroniki kama ushahidi, ila hati zenye muhuri bado zitunzwe.

Muuzaji wa Birere mwenye daftari moja anaweza kupiga picha kurasa zake kila Jumamosi na kumtumia ndugu aliye mji mwingine. Siku ya kukimbia tena, angalau madeni yake yatakuwa yamemtangulia.