Umri wa Pipa na Umri wa Chupa

Wapo miongoni mwetu waaminio kwamba kila kilichokawia kimekuwa bora. Husema, “Ya kale ni dhahabu,” na wakishasema hivyo hudhani mjadala umekwisha. Imani hiyo tunaipinga, na ili tuipinge kwa haki tutautwaa mfano waupendao wao wenyewe, yaani mvinyo. Hatumwaliki mtu kunywa. Aliyekatazwa na dini yake au na umri wake ataifuata hoja kwa akili, wala hatapungukiwa.

Mvinyo wa Porto hutoka katika bonde la mto Douro, kaskazini ya Ureno, eneo ambalo mipaka yake iliwekwa mwaka 1756. Maji ya zabibu yangali yakichacha, hutiwa pombe kali itokanayo na zabibu zenyewe. Mchacho hukoma, utamu hubaki, na nguvu ya kinywaji hufikia kadiri ya asilimia 20. Hapo njia hugawanyika. Mvinyo uitwao Vintage hukaa katika pipa miaka kama miwili tu, kisha hutiwa chupani na kukomaa humo kwa miongo mingi. Ule uitwao Tawny, wenye rangi ya hudhurungi, hufuata njia nyingine. Huo hukomaa ndani ya mapipa ya mbao, ambamo hewa hupenya kidogo kidogo. Wekundu hufifia, na ladha ya tunda bichi hugeuka kuwa ya lozi na tini kavu.

Basi kibandiko cha Tawny kikisema miaka 10, 20, 30 au 40, hiyo ni hesabu ya pipa, si ya chupa. Wala si hesabu ya mvinyo mmoja: fundi huchanganya mikongwe na michanga mpaka apate tabia ya umri huo. Siku mvinyo huo unapotiwa chupani, kazi yake ya kukomaa imekwisha. Umetayarishwa unywewe, si uwekwe.

Je, chupa ya Tawny iliyofungwa miaka 30 iliyopita ina thamani ya kunywewa? Tuseme kweli. Haikugeuka sumu kwa sababu ya umri. Utamu na nguvu ya pombe huilinda, na mvinyo wake ulikwisha kuzoeana na hewa tangu pipani. Kama kizibo ni kizima, na chupa ilikaa mahali penye ubaridi na giza, huenda bado ikampendeza anywaye. Lakini haitampendeza kwa sababu ya miaka ile 30. Itampendeza licha ya miaka hiyo. Kilichosalia si kilichoongezeka. Mwenye chupa ya namna hiyo aifungue leo, aonje, na ahukumu kwa ulimi wake. Asiiweke kabatini akingoja muujiza.

Watatujibu: “Mbona chupa kuukuu huuzwa kwa bei kubwa?” Twawauliza nao: ni chupa zipi? Mara nyingi wanachanganya Vintage na Tawny, wakampa huyu sifa ya yule. Tena bei hupima uhaba wa kitu na tamaa ya wanunuzi. Ladha haimo katika mizani hiyo.

Sasa tuitazame nyumba yetu. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498. Ngome waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593 ilitekwa na Waomani mwaka 1698. Lakini maneno mawili, “mvinyo” na “pipa”, tuliyapata kwao na tunayo hadi leo. Yamedumu kwa sababu gani? Hakuna aliyeyafungia kabatini. Watu waliyasema sokoni na bandarini. Lugha ikayatia katika ngeli zake, pipa likapata mapipa yake, na mama anayekinga maji ya mvua hajui wala hajali kwamba neno lile lilivuka bahari. Huo ndio umri wa pipa: kupata hewa, kuchanganyika, kutumika.

Lakini tunazitendeaje ngoma na methali zetu? Ngoma huitwa siku ya mgeni rasmi, ikachezwa dakika tano, kisha mavazi yakarudishwa sandukuni. Methali huandikwa ubaoni pamoja na maana yake, mwanafunzi akaikariri kwa ajili ya mtihani, wala hajapata kuisikia ikikata shauri la wazee. Halafu twajisifu kwamba tumehifadhi utamaduni! Tumehifadhi chupa. Kila mwaka upitao humo hauongezi kitu, bali hupunguza.

Wala tusidanganywe na upande wa pili. Desturi iliyooza haitakaswi na ukongwe wake. La kuvunda halina ubani. Yenye kumdhulumu binti au kumnyima mtoto elimu haidai heshima kwa kuwa babu zetu waliikuta.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wafungue kabati. Methali isemwe darasani panapotokea ugomvi wa kweli; ngoma ichezwe na wale wanaoijua pamoja na wale wanaojifunza, mikongwe na michanga katika pipa moja. Na mwanafunzi akiambiwa kwamba jambo fulani ni la kale, asikubali wala asikatae upesi. Kwanza aulize: ukale huo ni wa pipa, au ni wa chupa?