Walimu waielewe sheria ya ujira sawa

Walimu wengi wanapolalamikia mishahara huchanganya mambo mawili: "kazi sawa" na "kazi yenye thamani sawa". Tofauti hiyo si mchezo wa sisi wanaisimu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Ndivyo unavyosema pia Mkataba nambari 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1951, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2001.

Lau sheria ingesema "kazi sawa" tu, mpishi wa kike shuleni asingeweza kujilinganisha na mlinzi wa kiume langoni, maana huyu anapika na yule analinda. Neno "thamani" ndilo linalomfungulia mlango. Yafaa sasa kuuliza: ni kazi ipi inayohitaji ujuzi zaidi, na nani anabeba wajibu mzito zaidi?

"Ujira" nao si mshahara wa msingi pekee. Sheria inahesabu malipo yote, ya fedha na ya vitu. Aghalabu ubaguzi hujificha kwenye marupurupu.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha katika shule moja ya kibinafsi, aligundua kuwa mwenzake wa kiume alikuwa akipewa marupurupu makubwa zaidi ya nyumba. Waliajiriwa muhula mmoja, wana shahada ya aina moja na vipindi sawa. Mkuu wa shule alimjibu kwamba mwenzake "ana familia". Jibu hilo halimo katika sheria. Elimu, tajriba au majukumu yaweza kuwa sababu ya haki. Suruali si sababu. Tena anayedaiwa kubagua ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua, jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui, nao hunyamaza.

Wala dhuluma ya malipo si ya wanawake peke yao. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi walikuwa wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, huku wakifundisha kama walimu wa kudumu. Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kuwa Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ilikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini, ambayo imo katika kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010. Tume ilikata rufaa. Kwa maoni yangu, hapo lugha ilitumiwa kufunika jambo: mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi, ilhali hao walikuwa wamekwisha kuhitimu.

Afanyeje basi aliyepunjwa? Ahifadhi taarifa za malipo, ambazo mwajiri analazimika kumpa. Aandike barua, asiishie kunong'ona katika chumba cha walimu. Akipuuzwa, aende kwa chama chake au kwa afisa wa leba, na hatimaye katika mahakama hiyo niliyoitaja. Lakini asikawie. Kesi yapaswa kufunguliwa katika muda wa miaka mitatu tangu kosa kutendeka; na kosa likiwa la kuendelea, katika miezi 12 tangu likome. Mazungumzo na mwajiri, hata yakiwa matamu namna gani, hayasimamishi hesabu ya siku hizo.