Kibali cha Kubonyeza Kitufe

Nimechoka na swali moja: "Uko na kibali?"

Toa simu yako katikati ya Nairobi, rekodi unachotaka, na mara nyingi hakuna atakayekusumbua. Toa kamera yenye lenzi ndefu, au simamisha kamera kwenye miguu mitatu, na muda si muda atatokea mtu na swali hilo. Mimi nimeulizwa zaidi ya mara moja. Nami huuliza: kibali gani, kinatolewa na nani, kwa sheria ipi? Anayeniuliza hajui. Anachojua ni kwamba mimi sina, na kwamba "tunaweza kuongea".

Mimi ni mtu wa programu, si wa sinema. Lakini picha za barabarani ni data. Vijana wa Map Kibera walipoanza kuchora mtaa wao mwaka 2009, waliuweka kwenye ramani huria ya OpenStreetMap kwa kutembea na kurekodi walichokiona, si kwa kuketi ofisini. Ukimfukuza mwenye kamera, umeacha pengo kwenye ramani.

Sasa tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliandikwa 1962, kabla hata bendera ya mkoloni haijashushwa. Inamtaka anayetengeneza filamu ya kuonyeshwa umma au kuuzwa awe na leseni. Ombi la leseni liambatane na maelezo kamili ya matukio yatakayopigwa, pamoja na maneno yote yatakayosemwa.

Maneno yote! Yaani kabla ya kurekodi jambo, ueleze litakavyotokea.

Mnamo Juni 2025 mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi karibu kabisa, mchana, katikati ya Nairobi wakati wa maandamano. Taifa zima liliona kwa sababu kamera zilikuwa zinarekodi. Nani angepeleka maelezo ya tukio lile kwa afisa wa leseni?

Mei 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, ilitangaza kwamba hata anayepakia video mtandaoni ili umma uitazame anahitaji leseni. Wakenya walicheka, wakakasirika, kisha wakaendelea kupakia. Hapo ndipo penye hatari. Sheria inayovunjwa na kila mtu kila siku haizuii chochote. Kazi yake inabaki moja tu: kumpa mwenye mamlaka nafasi ya kuchagua nani wa kumkamata leo.

Najua majibu yenu. Mtasema:

1. "Faragha je?" Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Aliyetumia vibaya sura ya mtu ashtakiwe kwa hiyo.

2. "Usalama je?" Anayepanga uovu hatasimamisha kamera juu ya miguu mitatu ili kila mtu amwone. Atatumia simu.

3. "Watengenezaji wakubwa wa filamu watafunga barabara." Hilo ni kweli, na hao ndio wanaohitaji kibali.

New York walishapitia haya. Mwaka 2005 mtengenezaji filamu kutoka India, Rakesh Sharma, alizuiliwa na polisi huko Manhattan akirekodi na kamera ya mkononi. Akaenda mahakamani. Mwaka 2007 jiji likapendekeza kanuni mpya: watu wawili au zaidi wakirekodi mahali pamoja zaidi ya nusu saa, wachukue kibali na bima ya dola milioni moja. Wananchi walipiga kelele. Kanuni zilizopitishwa 2008 zilikuwa na akili zaidi: kamera ya mkononi au ya miguu mitatu haihitaji kibali, mradi hudai eneo liwe lako peke yako.

Hiyo ndiyo mantiki ninayoitaka hapa, na inaandikika kwa mistari mitatu:

Kama unazuia njia, au unaleta magari na mitambo, chukua kibali.
Kama unafunga eneo la umma lisitumiwe na wengine, chukua kibali.
La sivyo, rekodi.

Sheria hiyo inapima athari, si ukubwa wa lenzi. Askari hahitaji kubahatisha, na mwananchi hahitaji kubembeleza. Kibali chenyewe kiombwe mtandaoni, bei ionekane, na jibu litoke kwa siku zilizotajwa. Programu ya kufanya hivyo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuiandika.

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Barabara tumeijenga kwa kodi yetu. Kuitazama ni bure. Iweje kukumbuka tulichokiona kuwe na leseni?