Mali na Daftari: Juu ya Kulitafuta Shamba la Babu

Methali ya wafanya biashara yasema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Dukani methali hii ni kweli tupu. Mwenye duka asiyeandika deni huibiwa mara tatu: na mdaiwa, na karani, na usahaulifu wake mwenyewe. Lakini methali njema ikihamishwa mahali pake huweza kutenda dhuluma, na ndivyo ilivyokuwa tangu baadhi ya wasomi walipoitoa dukani wakaipeleka shambani. Mtu akija kuulizia shamba la babu yake katika Mwambao wa Kenya, swali la kwanza aulizwalo ni hili: daftari liko wapi? Akikosa la kuonyesha, huambiwa kwa upole au kwa ukali kwamba babu yake hakuwa na shamba. Hukumu hiyo yastahili kupingwa. Ardhi ya Mwambao haikupotea kwa kukosa daftari peke yake. Sehemu kubwa yake ilipotea siku daftari lilipofunguliwa.

Yafaa kukumbuka jinsi daftari hilo lilivyozaliwa. Mwaka 1895 Sultani wa Unguja aliwakabidhi Waingereza utawala wa ukanda wa maili kumi wa pwani. Mwaka 1901 ikatoka sheria ya kuandikisha hati, na mwaka 1908 ikatoka sheria ya milki za ardhi ya Mwambao. Sheria hii ya pili ilimtaka kila mwenye kudai ardhi alete dai lake na ushahidi wake katika muda uliowekwa. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Maneno hayo yakisomwa upesi yaonekana kuwa ya haki, kwa sababu mlango ulifunguliwa kwa wote. Lakini mlango ulio wazi humfaa aliyepata habari kwamba upo, mwenye nauli ya kuufikia, na ajuaye lugha ya kusemea akiisha kuingia. Walioingia wengi walikuwa watu wa mijini, wenye hati na mashahidi wa kutajika. Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda walitumia ardhi kwa haki ya ukoo, na sheria ilikuwa ikimtafuta mtu mmoja mwenye jina moja. Wengi wao wakabaki nje ya mlango, na mashamba yao yakabaki nje pamoja nao.

Wako na wengine waliobaki nje, ambao hata ukoo wa kuwatetea hawakuwa nao. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Malindi ilikuwa ghala ya nafaka. Mtama, mahindi na ufuta vilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, na mikono iliyovilima ilikuwa mikono ya watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika Mwambao huu mwaka 1907, yaani mwaka mmoja tu kabla ya sheria ya milki. Fidia walilipwa mabwana; waliolima hawakupewa ardhi. Basi mtu aliyekuwa mali mwaka 1906 alitakiwa mwaka 1908 awe mdai wa mali, mwenye hati mkononi na shahidi ubavuni. Je, ni ajabu kwamba jina lake halimo? Na je, ni elimu gani hiyo inayosema kwamba, kwa kuwa halimo, mkono wake haukupanda kitu?

Watetezi wa karatasi wana jibu, na jibu lao lapasa kusikilizwa. Wao husema kwamba maneno ya mdomo ni upepo, kwamba kila mtu akipewa shamba kwa hadithi ya bibi yake nchi itakosa mwisho wa mashitaka, na kwamba daftari, hata likiwa na kasoro, ni kitu kimoja kisichobadilika. Kwa hakimu hoja hiyo ina nguvu, maana kazi ya hakimu ni kukata shauri. Kazi ya mwanachuoni ni nyingine. Cheti kilichotolewa kwa sheria ya 1908 kilifanywa kuwa ushahidi wa kukata maneno, ili mnunuzi asihitaji kuuliza ardhi ilitoka kwa nani na kwa njia gani. Hiyo ndiyo faida yake sokoni, na hiyo ndiyo hasara yake katika historia. Kilitengenezwa kiwe pazia. Mwanachuoni anayekitazama akidhani ni dirisha ataona maua ya pazia, na ataandika kitabu kizima juu ya maua hayo.

Nyuma ya pazia zipo karatasi nyingine, nazo husema zaidi kuliko cheti, kwa sharti apatikane wa kuzisoma. Hati za zamani za Mwambao, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, aghalabu hazikutaja eka. Zilitaja pande nne na majirani wa pande hizo. Hapo ndipo hoja ya watetezi wa karatasi inapovunjwa na karatasi yenyewe. Shamba lisilo na hati huweza kuonekana ndani ya hati ya jirani. Ikiwa hati ya mtu yasema kwamba shamba lake lapakana upande wa suheli na shamba la fulani, basi huyo fulani, ijapokuwa hakuwahi kukanyaga ofisi yoyote, ametolewa ushahidi na mtu ambaye hakuwa na faida ya kumtaja. Ushahidi wa namna hiyo ni bora kuliko dai la mtu kwa nafsi yake. Lakini hauonekani kwa mtafiti anayefungua faharasa ya majina, akalikosa jina la babu, akafunga kitabu, akaenda zake.

Kusoma hati hizo kwataka Kiswahili hasa. Asiyejua kwamba kibla katika Mwambao huu ni upande wa kaskazini, na matlai ni mashariki, atalipindua shamba zima akaliweka baharini. Asiyeijua bei khiyari ataona mauzo mahali palipokuwa na deni. Kwa desturi hiyo mtu alipokea fedha akaandika kwamba ameuza shamba, huku akibakiza hiari ya kulirudisha akilipa kwa muda fulani. Kwa maandishi alikuwa muuzaji, na kwa nia ya pande zote mbili alikuwa mkopaji. Naye asiyejua kwamba minazi yaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mtu mwingine, atawaita wajukuu wa mpandaji wavamizi wa minazi iliyopandwa na babu yao.

Majina nayo yana hila zake. Neno bin humdanganya msomaji mwepesi. Wako watu waliotoka utumwani wakachukua jina la bwana wao mahali pa jina la baba, kwa sababu baba hakujulikana, au alijulikana lakini jina lake halikuwa na heshima mjini. Mtafiti akiipanda ngazi ya nasaba bila kulijua hilo atamfikisha mjukuu wa mtumwa katika nyumba ya bwana, na kumpa babu ambaye huenda alimnunua babu wa kweli. Methali nyingine husema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Ukweli wa Mwambao ni mchungu kuliko methali hiyo: wako ambao hawakukataa kwao, bali kwao kulifutwa, kisha wakalaumiwa kwa kutokujua.

Baada ya kusema hayo, haifai kuwaacha salama wale wa upande wa pili, ambao husema kwamba kumbukumbu ya wazee yatosha na kwamba kila karatasi ni hila ya mkoloni. Hao nao hudhulumu. Kumbukumbu ina daftari lake, na ina makarani wake wanaofuta mistari. Jamaa za mabwana hukumbuka shamba wakasahau ni nani aliyelima. Jamaa za waliolima mara nyingine huificha habari ya utumwa kwa haya, na pamoja nayo huficha hoja yao iliyo bora ya kuidai ardhi. Fungu la binti, ambalo sheria ya Kiislamu imelipima kuwa nusu ya fungu la ndugu yake mwanamume, mara nyingi humezwa katika masimulizi ya kaka zake, na hati ya mirathi ikawa ndiyo mahali pekee jina lake lilipobaki. Mwenye kuitupa karatasi kwa ajili ya kumkomoa mkoloni humtupa na bibi yake pamoja nayo.

Njia ya haki ni kuwahoji mashahidi wote wawili. Frederick Cooper, katika vitabu vyake vya 1977 na 1980 juu ya utumwa wa mashambani na yaliyoufuata, alizisoma hati za Mwambao na pia akawasikiliza wazee wa Mwambao, na kila upande ukausahihisha wa pili. La kusikitisha ni kwamba kazi hiyo ilifanywa na mgeni kwa Kiingereza, na wenye lugha ya hati hizo wameifuata kwa hatua chache. Katika vyuo, herufi za Kiarabu hufundishwa, zinapofundishwa, kwa ajili ya tenzi. Tenzi ni fahari ya lugha. Lakini mkono ule ule ulioandika tenzi uliandika rahani, wakfu, mirathi na mipaka ya minazi. Kuwafundisha vijana kusoma beti za mkono huo na kuwaacha wajinga wa hati zake ni kuwarithisha pambo na kuwanyima nyumba.

Jambo hili si la anasa ya maktaba. Katiba ya Kenya ya 2010 iliitaka Tume ya Taifa ya Ardhi ichunguze dhuluma za kale za ardhi. Ripoti ya tume ya ukweli, haki na maridhiano, iliyotolewa mwaka 2013, iliyataja malalamiko ya Mwambao kwa urefu. Kisha sheria ya 2016 ikawapa wadai miaka 5 ya kuleta mashauri yao, na miaka hiyo ikamalizika mwaka 2021. Msomaji aiweke sheria hiyo karibu na ile ya 1908 atazame. Mara ya pili watu wale wale wameambiwa walete ushahidi katika muda uliowekwa. Mara ya pili ushahidi wao ulikuwa umelala katika masanduku, katika hati za majirani, na katika vifua vya wazee wanaokufa. Na waliosomeshwa kwa fedha za umma ili waweze kuusoma walikuwa wakishughulika na mambo mengine.

Basi lawama isitupwe kwa makarani wa 1908 peke yao. Wao waliandika walichokitaka, na wamekwisha kufa. Wasomi wa leo wako hai. Kila hati ya shamba inayoliwa na mchwa bila kusomwa, na kila mzee anayezikwa bila kuulizwa mipaka ya shamba aliyoijua, ni mstari mwingine unaofutwa katika daftari ambalo hakuna mkoloni tena wa kusingiziwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lililopo nalo, likikosa msomaji, hupoteza mali na habari kwa pamoja.