Ua Dogo la Mtini na Adabu ya Kulilea



Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa chuoni aliniletea mmea mdogo alioubandua katika tawi la mti msituni. Majani yake yalikuwa membamba kama utepe, na katika kikonyo kimoja yalipangika maua meupe, kila moja lina nukta nyekundu katikati. Nilifurahi mno. Nikatafuta kopo, nikalijaza udongo mzuri na samadi, nikaupanda na kuumwagilia maji asubuhi na jioni. Haikutimia wiki ya tatu, mizizi ikaoza na mmea ukafa. Kijana akaniuliza, "Maalim, tumekosa wapi, nasi tumeutunza kwa mapenzi?" Sikuwa na jawabu. Leo ninalo, na ndilo nipendalo kuwapa vijana wetu.

Mmea ule ni aina ya okidi, na wataalamu huuita Aerangis luteoalba. Huota Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo, katika misitu ya nchi za juu, aghalabu kandokando ya mito penye kivuli. Majani yake hufikia kama sentimita 15, na ua lina upana wa kama sentimita 3. Wengi hudhani kuwa ni kirukia, kile kinyonyacho utomvu wa mti. Sivyo. Okidi hii ni mgeni mwenye adabu: kwa mwenyeji wake huomba mahali pa kukaa tu, na riziki yake hujitafutia. Mizizi yake imevikwa ngozi iliyo kama sifongo, ifyonzayo maji ya mvua. Ikikauka huwa ya kijivu, ikilowa huwa ya kijani. Basi mizizi ya namna hiyo ukiifukia udongoni umeinyima hewa, nasi ndivyo tulivyofanya.

Atakaye kuulea na afuate haya. Kwanza, autie juu ya kipande cha gome au gogo lenye magamba, aifunge mizizi kwa uzi laini mpaka ishike yenyewe. Pili, autundike penye kivuli na hewa ipitayo. Jua kali la mchana huunguza majani yake. Tatu, aunyunyizie maji asubuhi, na yaliyo bora ni ya mvua, kisha aiache mizizi ikauke kabla ya kunyunyiza tena. Nne, ukiisha kutoa maua apunguze maji kwa muda. Tano, asiubandue ovyo kuuhamisha, kwani mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Na wakaao pwani penye joto kali wajue kwamba mmea huu hupenda ubaridi wa milimani.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hayo, nalo ni mahali utakapoupata. Tunda moja la okidi huwa na maelfu ya mbegu mfano wa vumbi, nazo hazina akiba ya chakula kama ya punje ya mahindi. Huko msituni mbegu haioti ila ikutane na kuvu wa kuilisha, na ikiota hupita miaka kabla ya kutoa ua la kwanza. Kwa hiyo aubanduaye mmea mmoja ameondoa kazi ya miaka mingi. Okidi zote zimo katika mkataba wa mataifa wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Wako wakulima wazioteshao mbegu hizo ndani ya chupa za kioo kwa chakula maalumu. Hao ndio wa kununua kwao. Hata ukiukuta mmea katika tawi lililoanguka, usiuchukue kabla ya kumwuliza msimamizi wa msitu.

Basi yule kijana namjibu hapa, ijapokuwa nimechelewa: mwanangu, tulikosa mara mbili. Wewe uliubandua bila ruhusa, na mimi nikaupanda bila kuuliza. Na kosa langu ndilo kubwa, kwani mimi nilikuwa mwalimu.